Keshia Aliyebonyeza Mara Mbili

Kadi za mwaliko huchapishwa kwanza, programu humalizwa baadaye. Katika miaka niliyofanya kazi ya kupima programu za kompyuta na simu hapa Dar es Salaam, sikumbuki mradi mkubwa hata mmoja ambao siku yake ya uzinduzi ilipangwa na watu waliojua kazi imefikia wapi. Ilipangwa na ratiba ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akishakubali, ukumbi ukishalipiwa, fulana zenye nembo zikishachapwa na mshereheshaji akishapewa kishika uchumba chake, hapo tena hakuna anayetaka kusikia kama kitu chenyewe kinafanya kazi. Anayeuliza anaonekana ana kijicho.

Mimi nilikuwa nalipwa mshahara ili niulize.

Kwa asiyeifahamu kazi hiyo: programu yoyote ikiandikwa huwa na kasoro, na vijana wa kompyuta huziita bagi. Aliyeiandika huzitafuta kwanza mwenyewe, kisha huzitafuta wenzake wa ofisini, kisha, kama kampuni ina busara, programu hupewa watu wachache wa nje waitumie kabla ya wengine wote. Toleo hilo la majaribio ndilo linaloitwa beta. Google waliiachia Gmail alama ya beta tangu Aprili 2004 hadi Julai 2009, wakati mamilioni ya watu walishaifanya kuwa anwani yao ya kudumu, kwa hiyo alama peke yake haikuambii kama kuna mtu anayejaribu chochote.

Kampuni niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilipata kazi ya kutengeneza programu ya hesabu za SACCOS: hisa, akiba, mikopo, marejesho, riba na faini. Ilikuwa kazi ya maana, kwa sababu SACCOS nyingi wakati ule ziliendeshwa kwa daftari kubwa la jalada gumu na kalkuleta. Vijana wetu walikuwa hodari. Ofisi ilikuwa na intaneti ya mkonga, viyoyozi, na jenereta lililowaka lenyewe TANESCO wakikata. Tuliijaribu programu humo ndani, ikapita vizuri. Kuipima programu ya vijijini ndani ya ofisi ile ni kama fundi cherehani kumpimia bibi harusi gauni kwa kulivalisha sanamu la dirishani: litakaa sawa kila mahali, maana sanamu halipumui wala haliketi.

Mkataba ulitaka pia tuwe na watumiaji wa majaribio kutoka nje. Uongozi ukaandaa orodha. Nilipoisoma niliona wengi ni wenyeviti wa SACCOS, watu wazima wenye heshima zao, baadhi wastaafu, ambao hawajawahi kuingiza rejesho hata moja kwa mkono wao. Kazi hiyo ina keshia. Waliobaki walikuwa ndugu na marafiki wa wafanyakazi. Likaundwa kundi la WhatsApp. Kila asubuhi tukawa tunawauliza, "Mnaionaje programu yetu?" Yakaja madole gumba. Zikaja "Hongereni sana vijana" na "Mungu awabariki." Uongozi ukayahesabu yote, ukayaweka kwenye ripoti ya maendeleo ya mradi.

Sikuwalaumu wale wazee, na sitawalaumu leo. Mtu akikupa kitu ukitumie bure, adabu tuliyolelewa nayo inataka ushukuru. Kukitoa kasoro mbele ya aliyekupa ni kumvunjia heshima. Tena mtu wetu akikwama kwenye mashine hamshuku aliyeitengeneza, hujishuku mwenyewe. "Labda mimi ndiye sijui." Nimelisikia hilo kwa wahasibu wenye shahada, kwa wauguzi, kwa walimu wakuu waliowafundisha hao hao waandishi wa programu. Mashine imetoka mjini, imeandikwa na wasomi, ina nembo ya kupendeza. Mimi ni nani niseme imekosea? Basi ule ukimya ambao kampuni huupokea kuwa ni kuridhika, mara nyingi ni haya tu.

Aliyeuvunja ukimya hakuwemo hata kwenye orodha. Alikuwa keshia wa SACCOS moja ya wakulima mkoani Morogoro, ambaye mwenyekiti wake, alipopewa nywila ya majaribio, alimkabidhi kikaratasi akamwambia hii ni ya kwako. Hakuandika kwenye kundi. Alitafuta namba ya simu iliyokuwa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa mwongozo, akapiga, ikaangukia kwangu.

"Samahani dada kwa usumbufu," alisema. "Kuna mwanachama hapa amelipa rejesho mara moja, mashine inasema kalipa mara mbili. Labda nimekosea mimi."

Nikaomba gari ofisini, nikaambiwa halipo, nikapanda basi. Nilimkuta nyuma ya meza iliyojaa, siku ya gulio, foleni imetoka nje ya mlango hadi kwenye mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa Dar? Kaa hapo kwenye ndoo utazame mwenyewe. Mimi siwezi kusimamisha watu."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa ubao. Nimehudhuria semina nyingi za ubora wa programu, nyingine zikiwa na chakula kizuri, na hakuna iliyonifundisha kama ndoo ile. Mtandao wa simu pale ulikuja na kuondoka bila taarifa. Mama aliandika kiasi cha rejesho, akabonyeza "Hifadhi", kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka. Mbele yake mwanachama amesimama na mtoto mgongoni, mtoto analia. Nyuma watu wananung'unika. Mama akasubiri, akatazama skrini, akamtazama mtoto, akabonyeza tena. Nani asingebonyeza?

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Bonyezo la kwanza lilifika kwenye seva. Seva ikaandika rejesho, ikatuma jibu, lakini mtandao ukakatika na jibu likapotea njiani. Kompyuta ya mama ikabaki haijui kama ujumbe umefika au haukufika. Bonyezo la pili lilipofika, seva ikaliona kuwa ni rejesho jipya, ikaliandika nalo, na mwanachama akapunguziwa deni mara mbili kwa hela ile ile. Dawa ya tatizo hili inajulikana siku nyingi na mifumo ya malipo inaitegemea: kila muamala hupewa namba yake ya pekee kwenye kifaa cha mtumiaji kabla haujatumwa, na seva ikiona namba ambayo imeshaiandika, haiandiki tena, inarudisha tu jibu lile la mwanzo. Hapo mtu abonyeze hata mara kumi. Ofisini kwetu jibu lilirudi kabla kidole hakijainuka, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kubonyeza mara ya pili, na kosa halikuonekana.

Mama aliligundua kwa sababu moja: alikuwa bado anaandika kwenye daftari lake kwanza, kisha kwenye mashine, ingawa mwongozo ulikataza. "Wakubwa wanasema niache daftari," aliniambia huku akinifungulia kurasa zake zenye mistari myekundu. "Nikiliacha, siku mashine ikidanganya nitaijuaje?" Benki huajiri watu wa kufanya ulinganisho huo kila jioni na huwalipa vizuri. Yeye alikuwa anaufanya bure, tena kwa kujificha.

Niliporudi, mhandisi wetu kiongozi, kijana mwenye akili nyingi, aliijaribu programu mbele yangu. "Kwangu inafanya kazi," akasema. Hiyo ni sentensi ya kweli karibu kila inaposemwa, na karibu kila inaposemwa haimsaidii mtu. Nilipochomoa waya wa mtandao katikati ya muamala akaelewa papo hapo, akasema marekebisho yatachukua wiki kadhaa kwa kuwa yanagusa moyo wa mfumo. Uongozi ukatusikiliza kwa upole. Mgeni rasmi alikuwa ameshathibitisha. Ikaamuliwa kasoro iandikwe kwenye rejesta kuwa "imepokelewa", na kwenye mwongozo iongezwe sentensi moja kwa herufi nene: Usibonyeze kitufe zaidi ya mara moja.

Tukazindua. Keki ilikuwa na umbo la kompyuta. Miezi michache baadaye hesabu za mikopo zikaanza kupingana na fedha zilizomo kwenye sefu, SACCOS moja baada ya nyingine ikarudi kwenye daftari, na vijana wetu wakakaa muda mrefu, mrefu kuliko zile wiki walizonyimwa, wakitenganisha miamala pacha mmoja mmoja kwa kupiga simu kwa makeshia na kuwaomba wawasomee kurasa za madaftari yaliyopigwa marufuku.

Tangu hapo nina swali moja kwa kila anayeniambia programu yake imepita kwa watumiaji. Wangesema nini ndipo usingeitoa? Kama hakuna jibu, kama hakuna neno lolote ambalo keshia yule angelisema likasogeza tarehe, basi hapakuwa na majaribio. Palikuwa na sherehe mbili, na ya kwanza haikuwa na keki.

Nilikuwa nimeshaona mambo yakifanywa vingine. Nikiwa mwanafunzi tulipata Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wakati ule walikuwa wakituma CD bure kwa posta, na kwetu sisi tuliogombania intaneti ya maabara kwa zamu, bahasha ile kwenye sanduku la posta ilikuwa sikukuu. Ubuntu hutoka Aprili na Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi, 5.10 ni la Oktoba 2005. Lililofuata lilipaswa kuwa 6.04, na lilikuwa la kwanza kuahidiwa matunzo ya muda mrefu, miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Machi 2006 Shuttleworth akapendekeza lisogezwe mbele wiki sita ili lisafishwe zaidi, na pendekezo likajadiliwa na jumuiya kwenye mikutano ya wazi mtandaoni. Likakubaliwa. Toleo likatoka Juni 1, likaitwa 6.06. Namba yenyewe inatangaza kwamba lilichelewa, na sijawahi kusikia mtu akiionea aibu.

Mimi nilikuwa natumia toleo la majaribio kwenye kompyuta kuukuu ya hosteli, na printa ikanigomea. Nikaandika taarifa kwa Kiingereza cha kubabaisha kwenye Launchpad, rejesta yao ya kasoro iliyo wazi kwa kila mtu. Kasoro namba 1 katika rejesta hiyo iliandikwa na Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004, na ilisema kwamba Microsoft ndio wenye sehemu kubwa ya soko. Ilikaa wazi hadi 2013 alipoifunga, mzaha mrefu kuliko wote ninaoujua katika fani hii. Yangu haikuwa mzaha. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, akanijibu: endesha amri hii, nitumie itakachosema. Nikafanya. Akauliza tena, nikafanya tena. Baadaye ukaja ujumbe kwamba imerekebishwa, na printa ikaamka. Nimeandika taarifa nyingi baada ya hiyo, nyingine hazikujibiwa hata kwa neno moja, lakini ile ilitosha kunifanya niendelee kuandika.

Wapo walio na watu wa majaribio kwa mamilioni na bado hawasikii. Oktoba 2, 2018 Microsoft walitoa toleo la Windows 10 lenye namba 1809, na ndani ya siku chache wakalisimamisha, kwa sababu baadhi ya waliolipokea walikuta nyaraka na picha zao zimefutwa. Waliopatwa ni wale waliokuwa wamehamishia folda ya nyaraka mahali pengine huku mafaili kadhaa yakibaki kule kwa zamani. Sasisho liliiona folda ya zamani kuwa haina kazi, likaifuta na vilivyomo. Kinachouma ni kwamba watu wa majaribio walikuwa wameshasema. Taarifa za mafaili kupotea zilikuwa zimeandikwa miezi kabla, pale pale Microsoft walipoelekeza ziandikwe. Lakini maoni yalikuwa yanapandishwa juu kwa kura, na aliyepoteza picha za marehemu mama yake ni mmoja, asiyependa rangi ya kitufe ni maelfu. Tena toleo hilo halikupitishwa kwenye hatua ya mwisho ya majaribio ambayo kwa kawaida hutangulia. Lilirudi Novemba 13, na kwenye fomu ya maoni ikaongezwa sehemu ya mtoa taarifa kueleza madhara yake ni makubwa kiasi gani.

Kura ziachiwe uchaguzi. Kwenye rejesta ya kasoro, mtu mmoja aliyepoteza kitu hutangulia mbele ya wote waliokereka.

Vijana wetu wanaoandika programu za simu leo wamekutana na sharti la Google Play. Mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu yake kwa umma mpaka ijaribiwe na watu 20 kwa siku 14 mfululizo. Mwishoni mwa 2024 idadi hiyo ilishushwa ikawa 12. Nia ni njema. Ninachokiona kwenye makundi ya vijana ni mabadilishano: nijaribie yangu, nikujaribie yako. Watu 12 wanapakua, hawaifungui, siku 14 zinapita, sharti limetimia. Kijana mmoja aliniletea programu yake ya kufuatilia chanjo za kuku, akaniambia kwa fahari kwamba imeshamaliza majaribio. Nikamwomba nizungumze na mfugaji mmoja kati ya wale 12. Hakuwa na mfugaji. Hakuwa na namba ya simu ya hata mmoja wao.

Mfano ambao nampa kila kijana wa namna hiyo ni wa jirani zetu, na wengi wanaoutumia kila siku hawajui kwamba ulianza kwa kujaribiwa. M-Pesa haikubuniwa iwe ya kutumiana fedha. Vodafone, wakiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, walikusudia kurahisisha mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo wake na kuulipa kwa simu. Oktoba 2005 wakaanza majaribio Kenya pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa wateja wasiofika 500, Nairobi na Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiongoza kazi hiyo, waliandika baadaye yale waliyoyaona. Watu walianza kuutumia mfumo kwa mambo ambayo hawakufundishwa. Huyu anamlipia mwenzake rejesho. Yule anawatumia watu wa nyumbani. Mwingine anaweka fedha asubuhi mji huu na kuzitoa akifika mji mwingine, asitembee nazo njiani. Na upande ule uliokusudiwa, wa mikopo, kulinganisha vitabu vya taasisi na mfumo wa simu kulikuwa kugumu kweli kweli.

Wangekuwa wakubwa zangu wale, wangeongeza sentensi ya herufi nene kwenye mwongozo. Hao waligeuza huduma yenyewe. Ilipozinduliwa kwa Wakenya wote Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Watu wasiofika 500 walionyesha kwamba kosa lilikuwa katika kukisia haja ya mteja, na kosa la namna hiyo hakuna mhandisi anayeweza kuliona akiwa kwenye kiti chake, hata awe na akili kiasi gani.

Nilipohamia kampuni nyingine, ndogo zaidi, tulikuwa tunatengeneza programu ya maduka ya rejareja. Nilikubali kazi kwa sharti moja, nikataka liandikwe: maduka ya majaribio yasipoweza kufunga hesabu za jioni kwa programu peke yake, haitoki. Mwenye kampuni akatia sahihi akicheka. Sharti la pili sikuliandika, nililitekeleza tu: mwandishi wa programu akakae dukani mwenyewe, asisimuliwe na mimi.

Duka la kwanza lilikuwa Manzese. Mwenyewe ni mzee wa kofia, mkimya, anayekuuzia kiberiti kwa uangalifu ule ule anaouzia gunia. Kijana wetu alikuwa ameandika mfumo upokee bei ya kilo, na vipimo vidogo uvigawe wenyewe. Siku hiyo kilo ya sukari ilikuwa 2,800. Mteja akataka robo, skrini ikasema 700.

"Nani kakwambia robo ni mia saba?" mzee akauliza. "Robo ni mia nane."

Kijana akaanza kumweleza hesabu ya kugawa kwa nne. Mzee akamsubiri amalize.

"Mwanangu, kilo nafunga mara moja. Robo nne nafunga mara nne, kwa karatasi nne. Na kila nikipima, punje inayomwagika ni ya kwangu."

Baada ya robo zikafuata nyanya. Fungu la nyanya ni 500 msimu wa nyanya na 500 nyanya zikiadimika; kinachobadilika ni idadi ya nyanya kwenye fungu. Mfumo wetu ulitaka kujua fungu moja lina nyanya ngapi, na mzee alijibu kwa ukweli mtupu: inategemea. Yakafuata mafuta ya kupima. Ikafuata sabuni ya mche, inayokatwa vipande, na kipande cha mwisho hupewa mtoto anayetumwa mara kwa mara. Kijana akatoa daftari, akaanza kuandika, na alipofika ukurasa wa pili aliacha kubishana.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa la madeni. Programu ilionyesha orodha ya wanaodaiwa kwa majina na viwango, kwa herufi kubwa za kusomeka vizuri. Tulijivunia ukurasa huo. Mzee akaufungua mara moja, akaufunga haraka, akageuza simu juu chini mezani. "Huyu aliyesimama hapa akimwona jirani yake anadaiwa, kesho mtaa mzima unajua, na mimi nimepoteza wateja wawili." Nikakumbuka kwamba daftari lake la madeni hulifungua akiwa ameinama, kiganja kimefunika mistari ya juu. Tulikuwa tumemwona akifanya hivyo tangu asubuhi na hatukuona kwamba ule mkono ni sehemu ya mfumo. Ukurasa ukaandikwa upya: unatafuta jina, linatokea hilo moja, linafutika.

Tulichelewa. Mwenye kampuni alinung'unika, sahihi yake tukamwonyesha, akanyamaza. Programu ilipotoka kila bidhaa ilikuwa na vipimo vyake na kila kipimo bei yake, fungu linahesabiwa kwa fedha badala ya idadi, na maduka ya mtaa mmoja yaliipata kabla ya mitaa mingine. Hilo la mwisho wengine hulidharau. Julai 19, 2024 sasisho moja dogo la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kisa sehemu moja ya programu ilitarajia thamani 21 na nyingine ikatoa 20. Lilipelekwa kwa wote kwa pamoja, na baadaye kampuni hiyo ikasema masasisho ya aina hiyo yatakuwa yanapelekwa kwa awamu.

Kuna mambo madogo niliyoyaokota njiani. Siulizi tena "mnaionaje". Nasema "nionyeshe ulivyofunga hesabu jana," na hapo mtu husahau adabu akaanza kulalamika vizuri. Bando la anayetujaribia tunalilipa sisi. Kila taarifa hujibiwa, hata kama jibu ni kwamba hatutairekebisha na sababu ni hii. Na kati ya wajaribuji nahakikisha yupo mwenye simu ya zamani yenye nafasi ndogo na kioo kilichopasuka, na yupo mmoja ambaye hatupendi. Waswahili waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema mgeni lazima awe mpole.

Ombi langu ni kwa wanaoandika zabuni, kwenye halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika. Wajaribuji wateuliwe na mnunuzi, wasiteuliwe na mtengenezaji, na wawe wale wanaoshika kazi kwa mikono yao. Sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka watu hao wafunge mwezi mmoja mzima wa hesabu halisi bila kasoro ya fedha. Yaandikwe kwenye mkataba wenyewe, pamoja na jina la mwenye mamlaka ya kusema bado.

Na wewe keshia, muuguzi, karani wa ghala: mashine ikikukatalia, usianze na samahani. Piga simu, taja saa, taja ulichobonyeza na ulichokiona, na daftari lako usilitupe mpaka mfumo ukupe hesabu inayolingana nalo.